Dobi Aliyeunguzwa na Barafu

Mtaa mzima ulimwita Mstari, kwa sababu suruali ikitoka mikononi mwake ilikuwa na mstari ambao, kwa maneno ya kinyozi wa jirani, ungeweza kukata mkate. Miaka ishirini na saba alikuwa amesimama kwenye kibanda chake mbele ya nyumba, pasi ya mkaa mkononi, akiamini kwamba duniani hakuna tatizo lisilonyooshwa na joto. Mafua? Mvuke. Tumbo? Chupa ya maji ya moto. Mtoto mkaidi? Hapo aligeukia mkaa wake, maana binti yake wa pekee alimshinda tangu akiwa na miaka minne.

Binti huyo sasa alikuwa anaolewa Jumamosi, na gauni lake lilikuwa na marinda sitini na manne. Mstari alikwishatangaza dukani, kwa kinyozi, na hata msibani, kwamba gauni lile halitaguswa na pasi ya mtu mwingine.

"Nimenyoosha mashati ya watu wasiojua hata kunisalimia," alisema. "La mwanangu nimwachie nani?"

Kiwiko kikasikia, kikacheka.

Siku kumi kabla ya harusi kikaanza visa. Akinyanyua pasi, maumivu yanachomoza upande wa nje wa kiwiko na kuteremka hadi kifundo cha mkono. Akikamua shati, machozi yanatoka kabla ya maji. Akafanya alichokijua: akapasha taulo moto, akajikanda. Akajikanda asubuhi, akajikanda jioni. Kiwiko kikazidi kununa. Siku ya tano mkewe akamburuta zahanati.

Muuguzi, msichana mwenye mazoea ya kutafuna kalamu, akambonyeza kiwikoni. Mstari aliruka nusura abaki darini.

"Hiki wanakiita kiwiko cha tenisi, mzee wangu."

"Tenisi? Mpira wenyewe nimeushika mara moja tu, nikimnyang'anya mbwa."

"Si lazima ucheze. Ukishika kitu kizito na kukisukuma miaka nenda miaka rudi, kano za hapa zinachoka. Pumzisha mkono. Na kikiuma, weka barafu."

"Barafu? Binti yangu, mimi ni dobi!"

"Hata madobi. Ifunge kwenye taulo, dakika kumi na tano, mara tatu nne kwa siku. Haitakuponya, lakini itatuliza maumivu."

Mstari alitoka pale kama muumini aliyeambiwa abadili dini. Lakini siku zilibaki tano, na marinda hayakupungua hata moja.

Mchana ule, mkewe na binti walipokwenda saluni, alikaa akapiga hesabu za kidobi. Kitambaa chepesi hutaka sekunde chache. Jinzi hutaka muda. Kiwiko hiki ni jinzi. Na taulo la nini? Nani hupiga pasi shati likiwa ndani ya begi? Akachomoa pande la barafu kwenye friza, akalibandika juu ya ngozi tupu, akalifunga kwa tai ya mteja, kisha akajilaza kwenye kiti. Mkono ukafa ganzi kwa raha. Usingizi ukampitia.

Mkewe aliporudi alimkuta amelowa hadi kiunoni, kiwiko chekundu chenye malengelenge.

"Miaka ishirini na saba hujaunguza hata soksi ya mtu," mama yule alisema, ameshika mlango asianguke kwa kucheka. "Leo umejiunguza mwenyewe. Na baridi!"

Habari ikafika kwa kinyozi kabla ya barafu kumaliza kuyeyuka. Akaja kuhani, wembe wake ungali mkononi.

"Pole, Mstari. Sasa mashati yetu utayapigia friza?"

Muuguzi alipaka dawa, akasema barafu isubiri hadi ngozi itulie, na ikirudi, irudi na taulo. Mkewe naye akatoa hukumu yake: "Kuanzia leo pasi yangu, kiti chako."

Zikafuata siku za mateso. Mama anapiga pasi nguo za wateja, Mstari amekaa pembeni, akipiga kelele kama kocha.

"Kola kwanza! Kola, mama watoto!"

"Kola nimeshamaliza. Wewe pumzisha kiwiko."

Alhamisi ngozi ilikuwa imetulia, na barafu ikarudi imevalishwa taulo kama bibi harusi. Ijumaa kiwiko kilikuwa kinanung'unika tu. Mstari akatandika gauni, akaweka kitambaa chenye unyevu juu yake, akashika pasi. Marinda manne, barafu. Marinda manne, barafu. Saa zikaenda. Alipofika la thelathini na mbili, kiwiko kikaanza kununa tena, na pasi yenye moto ikaning'inia juu ya kitambaa cheupe, ikiyumba kama mlevi anayetafuta tundu la ufunguo.

Mkewe alisogea karibu. Akanyoosha mkono.

Mstari akaliangalia gauni, akaiangalia pasi, akameza mate. Akampa.

"Usiivute kwenye..."

"Kaa chini, baba."

Jumamosi kinyozi alimzunguka bibi harusi mara mbili, akichunguza marinda kama mkaguzi.

"Mstari, upande huu wa kulia ndio mkono wa fundi! Ule wa kushoto... haya, ulikuwa mgonjwa."

Upande wa kulia ulikuwa wa mkewe. Mstari alijua. Akavuta pumzi, akatanua kifua.

"Ndugu yangu, kazi ya mikono hii."

Mkewe alikuwa nyuma yake na barafu ya saa nane ndani ya taulo. Akaivua taulo taratibu, akaitumbukiza ndani ya kola ya mumewe.

"Ni wa mama!" Mstari alipiga yowe, akirukaruka mbele ya wageni wote huku bibi harusi ameishiwa nguvu kwa kicheko. "Wa kulia ni wa mama yako! Itoe! Itoe jamani!"