Zulia Nililolishona Juu ya Tundu

Nakumbuka asubuhi moja ya mwaka wa sitini na sita, mwanangu Munir, nimeketi ndani ya gari ya Kimarekani nje ya lango kubwa la Maskati, sindano ya kushonea magodoro mkononi, nnaharakisha kumaliza kabla Shangazi Zuwena hajarudi sokoni. Nnakuandikia haya kwa sababu jana umenionesha picha za gari yako unayotaka kuiuza, na zote umezipiga upande wa kulia. Sikukuuliza upande wa kushoto una nini. Ngoja kwanza nikuhadithie.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu tutoke Unguja. Mimi nna miaka kumi na tisa, kaka yangu Nassor ishirini na sita, na Shangazi Zuwena, dada yake baba, alitupokea nyumbani kwake. Hakutusimanga hata siku moja, lakini mtu akiwa anakula kwa mtu anajijua. Unguja Nassor alikuwa fundi wa magari, na ukimuuliza mtu Darajani atakupeleka mpaka mlangoni kwake. Huku hapana aliyemjua. Gari zenyewe zilikuwa za kuhesabu, na mwenye gari hampi fundi asiyemjua.

Basi akaipata ile. Ndefu, ina mapezi mawili nyuma kama samaki, imetupwa nyuma ya ghala moja Matrah, mji wa jirani, mbuzi wanalala ndani. Mwenyewe alimwambia aichukue, ila mbuzi awaache. Aliitengeneza mwaka mzima. Akatoa injini akatia ya lori, akainyanyua juu ipite kwenye mawe, na bomba la moshi akalipandisha mpaka usawa wa paa, ili wadi, yaani korongo la mvua, likiwa na maji gari isizime. Watu walikuwa wakija kuitazama kama ngamia mwenye pembe. Viti na mazulia vilikuwa kazi yangu mimi. Gari ile ikinunuliwa na mtu anayesikilizwa, Nassor atajulikana, kazi itakuja, na sisi tutapata kukaa kwetu. Tulikuwa hatuna jengine la kutegemea.

Mteja akapatikana, Bwana Zahir, aliyekuwa akifanya kazi Kuwait, kaja likizo. Gari alimtakia mamake, Bi Thuwaiba. Miguu yake ilikuwa ikimvimba, na bintiye kaolewa Barka, njia yote mchanga na mawadi.

Sasa sakafu ya nyuma, upande wa kushoto, ilikuwa imeliwa na kutu, pana tundu la kupita kichwa cha mtoto. Nassor akaniambia, "Salma, usishone hapo mpaka Mzee Darwish atie bati." Mzee Darwish alikuwa fundi bati wa Matrah. Nikenda mara mbili, simkuti, kafiwa. Na Bwana Zahir akaleta salamu kwamba anakuja Alkhamisi alasiri, na Jumamosi anasafiri. Nassor akaniuliza kama bati tayari. Nikamwambia tayari. Alkhamisi asubuhi nikatandika gunia mara mbili, nikaweka zulia juu yake, nikashona pembeni kote kwa mishono midogo midogo kama ya kofia. Sijapata kushona kitu kizuri kama kile, mpaka leo.

Mchana Shangazi akataka kukalia viti kabla ya wageni. Akaingia nyuma, akaweka fimbo yake chini, ikazama shibiri nzima.

"Salma, gari hii ina kisima?"

Nikaanza kuokota nyuzi zilizobaki.

"Nassor anajua?"

"Hajui, shangazi."

"Na hapa atakaa nani?"

"Bi Thuwaiba."

"Na miguu yake ile?"

"Zulia litamshika, shangazi. Nimeshona imara."

"Nimeona. Kushona unajua."

Akashuka, akajikung'uta vumbi, akenda kutia udhu. Hakunitukana wala hakunisemea kwa Nassor. Nikadhani yamepita.

Wageni wakaja, wakanywa kahawa, wakala halwa. Nassor akaiwasha gari, akawaonesha injini na lile bomba. Bwana Zahir alikwisharidhika, mkono ameshaunyoosha wa kumaliza biashara. Shangazi akasema, taratibu, kama anayeomba maji, "Salma, lete mkasi. Waoneshe wageni kazi yako."

Hakusema nioneshe ipi. Kwenye viti nilitia nakshi, ningeweza kukata uzi mmoja hapo, wageni wakasifu, mambo yakaisha. Nikatazama miguu ya Bi Thuwaiba, imejaa ndani ya makubadhi. Nikapiga magoti nikafumua lile zulia. Uzi ulikuwa mgumu, lakini niliukata wote, nikainua gunia, na mchanga wa chini ya gari ukaonekana.

Nassor hakunitazama. Akasema, "Bwana Zahir, hili sikulijua. Na fundi ni mimi."

Bi Thuwaiba, ambaye alilelewa Wete, Pemba, na Kiswahili akikijua, akachungulia. "Kumbe ningefika Barka nikitembea humu humu ndani," akasema. Akacheka peke yake.

Bwana Zahir akaurudisha mkono wake. Jumamosi akasafiri, gari ikabaki pale pale. Nassor alikaa siku saba haniiti jina, ananiita "wewe" tu. Mzee Darwish alipotoka matangani akatia bati.

Baada ya miezi mitatu akaja Bi Thuwaiba mwenyewe, juu ya punda. Nassor akaanza kumweleza habari za injini. Akamkatiza.

"Yuko wapi mwenye mkasi?"

Nikatoka.

"Haya, fumua tena."

"Hapana cha kufumua, Bi Thuwaiba. Safari hii nimetia vifungo."

Akainama kwa tabu, akavifungua kimoja kimoja, akaligonga bati kwa kisigino. Likalia. Akaketi, akaweka miguu yake juu yake. "Nassor," akasema, "nipeleke Barka."

Akainunua, na huko Barka, na Matrah aliporudi, kila aliyeisifu gari Bi Thuwaiba alimwambia kwamba yeye ameiona mpaka chini. Mwaka uliofuata Nassor akawa na mahala pake pa kazi, na sisi tukahama kwa Shangazi.

Mwanangu, sikukatazi kuisifu gari yako. Umeitengeneza kwa mikono yako, isifie. Lakini ubovu unaoujua wewe, uoneshe wewe, kabla mwenzio hajanyoosha mkono. Usingoje mtu mwengine akuitie mkasi. Na ikiwa umeshakosea, basi fumua pale penye tundu hasa, hata kama pana nakshi mahala pengine. Ondoka sasa hivi, jua bado lipo, kaupige picha ule upande wa kushoto.

Mungu akupe mnunuzi ambaye kila mkikutana mtaani Qurum atakusalimia yeye kwanza, na akupe na wewe uso wa kumwitikia. Amin.