Betri ya Mama Joto Haifunikwi Blanketi

Umeme unakatika chai ikiwa bado inafuka moshi. Redio ya jirani inanyamaza katikati ya tangazo, na mtaa mzima unaguna kwa pamoja. Mama Joto haguni. Anaweka kikombe chini, anachomoa waya ukutani na kuuchomeka kwenye betri yake ya kubebeka, sanduku la kijivu lenye mkono juu na kioo kidogo mbele. Namba zinawaka: asilimia sabini na sita.

"Haya mzee, kazi imekuita," analiambia.

Kazi yenyewe ni kuipasha moto mashine ya kutotolesha vifaranga. Chumba hiki zamani kilikuwa stoo ya majembe na ndoo mbovu. Siku hizi ni leba. Na leo wazazi wako kwenye uchungu: mayai yameanza kudonolewa kutoka ndani.

Si mayai ya kuchezea. Ni ya jirani yake, mjane ambaye ugonjwa ulimfagilia banda zima ukamwachia kuku wachache wa kuhesabika. Mayai ya hao waliobaki ndiyo haya. Yakipoa leo, banda halina mrithi.

"Yatafika?" anauliza mjane, amekaa kwenye kigoda, kanga ameikunja mapajani.

"Yatafika. Nimekataa mengine," anajibu Mama Joto.

Alianza kazi hii baada ya kupunguzwa kiwandani alikokuwa akishona mashati. Watu walimcheka, eti binadamu mzima anaatamia mayai. "Niliwaambia, mimi naatamia kwa waya, nyie endeleeni kuatamia maneno," anasema. Leo waliomcheka wanaleta trei zao na kupanga foleni kwa adabu.

Ila ulimwengu ulimfunza kwanza, tena kwa bakora. Betri yake ya mwanzo haikumaliza mwaka.

"Niliipenda kijinga," anasema akicheka. Umeme ulipokatika aliifunika mashine kwa blanketi, joto lisitoroke. Hapo alikuwa sahihi. Kisha akaona haya kuiacha betri nje peke yake, akaiingiza chini ya blanketi hilohilo. Matundu yake ya kupumulia yakazibwa. Aliporudi kutoka sokoni alikuta sanduku limejizima, limetuna ubavu kama aliyevimbiwa, na mayai ya wateja yamekuwa baridi kama mawe ya mtoni.

Muuzaji wa betri alilitazama, akatikisa kichwa. "Mama, mayai yanapenda blanketi. Betri haipendi."

Akiba ya miezi saba ilizikwa na sanduku lile. La pili alilinunua kwa shida, akaapa halitakufa kijana. Sasa lina mwaka wa tano. Linakaa juu ya matofali mawili, mbali na ukuta, upepo ulizunguke. Paneli ya jua iko juu ya bati, lakini sanduku lenyewe halitoki kivulini. "Kinachoanikwa ni paneli," anasema. Likikaa bila kazi, haliachi tupu wala halishindilii mpaka pomoni. Huliacha katikati, na kila mwezi hulichungulia kama mgonjwa wa nyumbani. Akilitumia, haliruhusu kushuka chini ya ishirini.

Faida anaiona kwenye trei. Zamani, katika kila mayai mia, karibu arobaini yalimharibikia kwa sababu ya umeme kukatika. Siku hizi hayazidi kumi na tano.

Mlango unagongwa. Ni wifi yake, dada wa mumewe, na sketi mkononi.

"Wifi, nichomekee pasi hapo. Dakika tano tu, nina kikao."

"Pasi! Umeme wa hizo dakika tano zako mayai yanaula saa nzima na chenji inabaki. Nenda na mikunjo yako, watakuona umetoka mbali."

"Jamani, sanduku linadekezwa kuliko kaka yangu!"

"Kaka yako anakoroma, hili halikoromi."

Mjane, ambaye tangu asubuhi hajatabasamu, anacheka mpaka anafuta macho kwa kanga. Wifi anasusa, kisha anasahau kikao, anavuta kigoda.

Mawingu yanatanda. Paneli inaleta umeme wa kudokoa tu. Mama Joto anachomoa taa, anachomoa na simu yake mwenyewe. Betri si ile ya miaka mitano iliyopita; mchana mmoja iliokuwa ikiubeba kwa mkono mmoja, siku hizi inaubeba kwa kuhema. Alasiri kioo kinasoma ishirini.

Wifi anamtazama. "Si umesema huwa hushuki hapo?"

Mama Joto anashika waya, anauachia. Ndani ya mashine ganda moja limepasuka, na mdomo mdogo unatafuta hewa.

"Mstari niliuchora mimi, leo nauvuka mimi," anasema. "Siku moja haiui betri. Mazoea ndiyo yanaua. Nimeitunza miaka yote kwa ajili ya siku kama hii."

Kumi na tano. Kumi na moja. Kisha kifaranga wa kwanza anaanguka nje ya ganda lake, ameloa, amechukia, analalamika. Wa pili anamfuata. Mjane anapiga magoti mbele ya kioo cha mashine. "Karibuni, wanangu," ananong'ona.

Umeme unarudi kioo cha betri kikisoma saba. Mashine inarudishwa ukutani. Wifi anaruka: "Lichomeke na sanduku, haraka!"

"Liguse kwanza." Wifi anagusa, anatoa mkono, na Mama Joto anamalizia: "Limechemka. Acha lipoe, ndipo lilishwe. Hata wewe ukitoka kukimbia hushindiliwi chakula kooni."

Mama Joto ana mpango, na anautaja bila kupepesa. Kabla ya mwaka kwisha anataka betri kubwa zaidi, itakayobeba mashine mbili, ili majirani wasisubiri zamu. Hili la kijivu halitatupwa.

"Litastaafu kwa heshima," anasema. "Nitalipeleka bandani kwa jirani yangu hapa. Liwashe taa moja tu usiku, vifaranga walale na joto. Kazi nyepesi, ya mzee. Naamini lina miaka mingine mitatu."

Anamgeukia mjane, anamnyooshea kidole.

"Lakini nikisikia umelifunika blanketi, shoga yangu, nalifuata siku hiyohiyo."