Gari Bila Moshi la Kwenda Ulaya

Walisema sitafika hata Ulaya.

Kwa asiyeijua wilaya yetu, Ulaya ni kijiji kilicho njiani ukitoka Kilosa kwenda Mikumi. Mimi nilikuwa nimetoka Ulaya ile nyingine, yenye theluji, na diploma ya umeme niliyoipata kwa kuosha vyombo vya watu. Hakuna aliyenisomesha, nilijisomesha. Kwa hiyo nilipotangaza kwamba nitaunda gari la betri, lisilohitaji tone la petroli, nilitegemea heshima. Nikapata kicheko.

"Diploma ya Ulaya ipi, mjomba?" aliniuliza kinyozi wa mtaa wetu, Mabwerebwere, mbele ya wateja wake. "Isije ikawa ni hii ya kwetu, wanakotoa mkaa!"

Niliwaacha wacheke. Hawakujua kwamba magari ya umeme yalikuwa yakitembea barabarani tangu enzi ambazo ya petroli yalikuwa bado yanawashwa kwa kuzungusha chuma kwa mkono. Kule nilikosoma niliyaona kwa macho yangu mawili vigari vya kusambaza maziwa, vikipita madirishani kimya kama paka. Nilivichungulia mpaka chini ya tumbo. Kama walioanza waliweza na vifaa vyao vile, mimi ningeshindwa nini?

Tena nilikuwa na sababu. Baba yangu alilisha tanuri la gari moshi tangu ujana wake hadi alipostaafu, na moshi ule ulibaki kifuani mwake. Basi likiwashwa tu jirani, anashika ukuta na kukohoa mpaka machozi yanamtoka. Lori vilevile, treni vilevile. Dada yake, shangazi yangu, alikuwa Mikumi, miguu imekataa kutembea. Kwa miaka mingi walitumiana salamu kupitia makondakta. Siku moja salamu iliyokuja ilikuwa fupi: "Mwambie kaka, nikimwona itatosha."

Zama zile za ruksa, biashara ilipofunguliwa, kila kitu kiliuzwa. Shamba la mkonge lililofungwa lilikuwa likiuza vyuma chakavu, nami nikapata humo mota ya mashine ya kunyanyulia mizigo. Nikanunua kigari kilichooza injini, nikang'oa injini, nikang'oa milango na paa, kiwe chepesi. Kilichonishinda ni betri. Lakini betri za gari zilikuwepo mjini, tele, maana wasio na umeme walizitumia kuwashia redio, televisheni na mabanda ya video. Nikapita nyumba kwa nyumba kuazima. Mkulima wa kijiji cha Tindiga alinipa ya redio yake. Mwenye banda la video alinipa mbili. Hata kinyozi alitoa yake, ingawa hakuacha kunichokoza: "Ikifia Ulaya, mjomba, ulete na cheti cha kifo."

Niliziunganisha kama walivyofanya wale wa kwanza. Zikikaa sambamba, gari linakwenda polepole. Ukigeuza swichi zikafuatana kama mnyororo, linachanganya mwendo. Kazi safi, nasema mwenyewe.

Tuliondoka asubuhi. Baba alikaa kando yangu amevaa koti lake la reli, leso mdomoni tayari. Baada ya kitambo akaishusha.

"Umeshaliwasha?"

"Baba, tumeshavuka daraja."

Alicheka bila kukohoa. Sikuwahi kusikia kicheko chake kizima namna ile, kisichokatwa katikati.

Tulifika Ulaya saa za mchana, na gari likalala palepale. Nilikuwa nimelitegemea hilo, maana betri za kuazima hazilingani umri wala nguvu. Kijijini kulikuwa na mashine ya kusaga, na mwenyewe alikuwa na dainamo iliyofungwa mkanda kwenye injini ya dizeli. Akanikubalia nichaji. Baba, kwa ajili ya moshi wa injini, alipelekwa kwa mwenyeji upande wa pili wa kijiji, akalala huko. Hakuiona dainamo kabisa.

Asubuhi nilizitoa betri nje zipoe, nikaenda kunywa chai. Niliporudi nilimkuta baba amekuja. Alikuwa ametandika mkeka juani na kuzipanga betri zote juu yake, moja moja, anazigeuza taratibu kama mtu anayeanika samaki.

"Betri ikichoka huanikwa, mwanangu," alisema. "Ya redio yangu naianika kila wiki. Ninyi mliosoma mnasahau."

Wasagishaji waliangua kicheko. Mdomo wangu ulikwisha kufunguka nieleze kwamba mawe madogo ya redio yake na betri za gari ni vitu viwili. Nikamtazama usoni. Nikainama, nikamsaidia kugeuza.

Mikumi shangazi alikuwa kibarazani akichagua mchele, amegeukia ukuta. Hakutusikia. Gari lilisimama karibu na mkeka wake, na baba akasema neno moja kwa lugha yao, lugha ninayoielewa nusu. Ungo ukamwagika.

"Umekuja kwa miguu, kaka?"

"Nimekuja na gari la mwanao."

"Mbona halina sauti?"

"Kaa kimya ulisikie," alisema, akamshika mkono.

Tulirudi kwa njia ileile, tukapumzika tena Ulaya. Nilipozijaza betri zote kwa umeme wa mjini, nikaanza kuzirudisha kwa wenyewe siku hiyohiyo, na baba akasisitiza kunifuata nyumba kwa nyumba. Ya mwisho ilikuwa ya kinyozi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Betri yako hii, imejaa. Nimeianika mwenyewe."

Kinyozi alinitazama. Wateja wakanitazama. Mtaa mzima ulijua kwamba mimi si mtu wa kumwachia mwingine sifa zangu.

"Kweli, mjomba?"

"Kweli," nikasema. "Fundi ni mzee. Mimi nilishika usukani tu."

Akaiunga kwenye redio yake, nayo ikaimba kwa nguvu. Baba akavuta pumzi ndefu, akaitoa yote, kisha akawageukia wateja.

"Jua la Ulaya hilo," akasema.