Baba Yetu Aliyekuwa Vitani

Enzi zetu kule Kituntu, mtoto hakulala kabla ya sala ya jioni, hata kama usingizi ulikuwa umeshamchukua na kumrudisha. Tulipiga magoti kwenye nyasi laini alizotandika mama sakafuni, zile alizozibadilisha kila Jumamosi zikanukia nyumba nzima. Koroboi iliwashwa kwa muda wa sala tu, maana mafuta ya taa yalikuwa adimu kama sukari. Wa rika langu mnakumbuka: chumvi ya kulamba kwa ncha ya kidole, nguo kufuliwa kwa majani ya mpapai, na chai ya mchaichai isiyo na sukari ambayo bado tuligombea kuongezewa. Leo mwanangu akiishiwa bando kwa nusu siku, nyumba nzima inaambiwa kwamba maisha ni magumu.

Mimi ndiye binti wa kwanza. Kitinda mimba wetu, Mwesiga, alikuwa hajaanza shule, na Kiswahili kwake kilikuwa lugha ya sala na ya redio ya jirani. Nyumbani tuliongea Kinyambo. Vita vilipoanza, mwishoni mwa sabini na nane, baba alichukuliwa pamoja na mgambo wengine wa kijiji. Ilikuwa asubuhi ya senene, wale panzi wa kuliwa wanaoanguka msimu wa mvua. Tulikuwa majanini na mama, miguu imelowa umande, tunawaokota na kuwatia kwenye vibuyu, baba akaja kutuaga hukohuko huku lori linapiga honi barabarani.

"Unikaushie wangu," alimwambia mama. "Nitakuja kuwala."

Kwetu mke humkaushia mumewe senene, na mume naye humnunulia mke nguo. Mama akawanyonyoa mabawa na miguu, akawakausha kwa moshi, akawatia kwenye kikapu kidogo chenye mfuniko na kukining'iniza juu ya jiko. Tulikula ndizi na maharage yasiyo na chumvi huku pua zetu zimeelekea darini. Hakuna aliyethubutu kukigusa.

Jioni ya kwanza bila baba, tulipoanza tu kusali Baba Yetu, Mwesiga akaangua kilio. "Baba hayuko mbinguni! Baba yuko vitani!" Tulicheka, na mimi ndiye niliyecheka zaidi. Mama hakucheka. Alimvuta karibu, akampangusa kamasi kwa pindo la kanga. "Basi sema unavyojua, mwana wange. Atasikia." Tangu hapo sisi tukisema uliye mbinguni, yeye alisema uliye vitani, tena kwa sauti ya kutushinda wote. Mwalimu wa dini alipomsikia kanisani alitaka kumrekebisha, mama akamwomba amwache kwanza.

Vita vikaisha. Wanaume wakaanza kurudi, mmoja na redio, mwingine anachechemea, mwingine na hadithi zilizonenepa kila alipokaa penye pombe ya ndizi. Baba hakurudi. Mmoja alisema alimwacha mgonjwa huko kaskazini, wengine waliinamisha vichwa tu wakaomba maji ya kunywa. Senene wakaanguka tena. Mama akakausha wapya, na wale wa zamani akatupa sisi. Tuliwatamani mwaka mzima, lakini siku ile walikuwa wagumu kumeza, kwa sababu kuwala kulimaanisha kwamba mwaka umepita na mwenyewe hayupo.

Ndipo akaja baba mkubwa, kaka yake baba, na wazee wawili. Aliongea kwa upole, nakiri. "Shemeji, watu wanasema sana. Tuweke matanga, roho ya ndugu yangu ipumzike, na wewe upumzike."

Mama aliendelea kumenya ndizi. "Shemeji, kila jioni namwomba Mungu anirudishie mume. Nikiweka matanga leo, jioni nitamwomba nini?"

Baba mkubwa alimaliza chai yake, akaondoka na wazee wake. Lakini jioni hiyo mama alipofika kwenye maneno ya mapenzi ya Mungu, sauti ilimkatika. Niliogopa kuliko siku zote za vita. Nilidhani na yeye sasa ameacha kumngoja. Sala tuliimalizia sisi watoto, Mwesiga akiwa mbele.

Siku moja tulikuwa tunapalilia maharage mvua ilipoanza kunyesha. Mtu mwembamba, blanketi la kijivu begani, akatokea kwenye migomba. Mama aliangusha jembe, akakaa chini palepale kwenye matope.

"Senene wangu wapo?" baba akauliza.

Alikuwa amelazwa mbali sana, na barua alizoandikiwa na wenzake hazikufika. Hakuwa na nguo ya kumpa mama, kwa hiyo akampa lile blanketi, na Jumapili mama akajitanda nalo kanisani kwenye jua kali kama kitenge kipya. Lakini jioni ile ya kwanza ndiyo ninayoikumbuka. Tulipiga magoti, tukaanza, Mwesiga akakaa kimya. Akamtazama baba, akamshika suruali. Kisha, polepole, akasema uliye mbinguni.

Siku hizi vijana wetu huomba Jumapili, na Jumatano wakiona kimya wanahamia kanisa lingine. Senene nao unawakuta sokoni Nkwenda wamekwisha kukaangwa, unalipa kwa simu, na wanaisha kabla hujafika nyumbani. Siwalaumu sana. Hawajawahi kumtunzia mtu chakula juu ya moshi mwaka mzima. Ila nyakati nyingine nautamani ule umaskini wetu, kwa sababu ya kile kikapu.

Baba alizeeka mikononi mwetu, akaondoka kwa amani. Siku ya kumzika, Mwesiga, sasa mwenye mvi, ndiye aliyeongoza sala. Alianza Baba Yetu, akakwama. Waombolezaji walidhani ni uchungu tu. Sisi wa nyumba ile tulijua neno lililomkwamisha. Mama alijikongoja hadi kwake, akamshika mkono.

"Sasa sema mbinguni, mwana wange," akamwambia. "Yuko huko."