Siku Tarumbeta Alipojaribiwa Mapokezi

Binti yangu wa kwanza hakuzaliwa na sauti, alizaliwa na tarumbeta, na ndivyo tunavyomwita nyumbani mpaka leo. Kitu kikiwa kibaya atasema ni kibaya, na mtaa mzima utasikia. Shangazi yake aliwahi kumwuliza kama gauni lake jipya limempendeza. Walikaa muda mrefu bila kusemeshana.

Alikuwa mfua mashuka hotelini. Mvuke na sabuni vikamharibia kifua, akawa anahema kama aliyekimbizwa. Nafasi ilipotokea mapokezi, mimi ndiye niliyeitaka kuliko yeye. Ila meneja alitaka Kiingereza, tena cha adabu.

Akajiunga na darasa la jioni. Huko mwalimu aliwaambia kwamba kwa Kiingereza cha wageni kitenzi hakitoki peke yake kama mhuni. Kinatanguliziwa neno la kuomba njia, kisha katikati kinapachikwa kineno cha kukilainisha. Husemi unataka, unasema ungependa, tena ungependa kwa kweli: "wudi riili laiki." Husemi nipe, unauliza kama mtu angeweza labda kukupa: "kudi yu posibli." Mimi shule niliiacha mapema, lakini maneno hayo niliyazoea kama mlio wa mlango wetu. Alideki nayo, akapiga mswaki nayo, mwishowe akayaingiza kwenye Kiswahili.

"Mama, huenda labda ungeweza kunisogezea chumvi?"

"Iko mbele ya pua yako," baba yake akadakia. "Nyoosha mkono, mwanangu."

Siku nyingine baba alimwomba ampigie pasi shati.

"Kwa hakika ningependa, baba, na pengine ningeweza," akajibu kwa sauti ya asali.

Mzee akangoja, akangoja, mwisho akaenda kikaoni na shati limejikunja kama kabichi.

"Si angesema tu hapana?" akanilalamikia.

"Kasema, mume wangu. Hapana ya darasani ndiyo hiyo."

Siku ya majaribio nilijitia nimempelekea chakula, nikaketi kwenye benchi karibu na mlango.

"Kaa, mama," akaninong'oneza, "lakini huo mdomo!"

Meneja, bwana mnene mwenye tai fupi, alikuwa amempa sheria moja: mgeni haambiwi hapana. Akivunja sheria, anarudi kwenye mashuka.

Mchana akaingia mgeni na mkewe, wanaburuta masanduku. Hoteli ilikuwa imejaa. Bwana akauliza chumba kwa Kiingereza. Tarumbeta akatabasamu, akammiminia kudi na posibli zake zote. Bwana akashukuru sana, wakaja kuketi pembeni yangu. Wakangoja. Tarumbeta akashika simu, akanong'ona nayo huku anatuchungulia. Bwana akaenda kuuliza tena, akarudi na posibli nyingine. Akavua viatu, akaanza kusugua nyayo.

Mkewe, ambaye Kiswahili alikijua, akanigeukia. "Dada, huyu binti anasema chumba kipo au hakipo?"

Nikisema, namponza mwanangu. Nikinyamaza, watu hawa watalala benchini.

"Dada," nikamwambia chini chini, "kwetu akisema hivyo, shati halipigwi pasi."

"Shati gani?"

Kabla sijajibu, Tarumbeta akatoka nyuma ya meza yake, na ile sauti ya kuzaliwa ikatoka naye. Alianza kwa Kiingereza kisicho na pambo hata moja, kisha akarudia kwa Kiswahili:

"Chumba hakuna! Hata kimoja! Hoteli ya ng'ambo ya barabara wana nafasi, nimeshawapigia. Vaeni viatu, nawabebea sanduku!"

Ukumbi mzima ukageuka. Bwana akaangua kicheko, akasema neno, mkewe akanitafsiria: "Anasema angeambiwa hivi tangu mwanzo, saa hizi angekuwa ameshaoga."

Tarumbeta aliporudi kutoka ng'ambo ya barabara, meneja alikuwa amesimama mezani.

"Umempeleka mgeni wangu kwa mshindani wangu."

"Ndiyo, bosi."

"Kwa makelele."

"Ndiyo, bosi. Na wamesema chumba kikipatikana kesho wanarudi hapa. Wanasema hapa kuna mtu wa kumwuliza."

Meneja akaivuta tai yake, ambayo haikuwa na pa kuvutika. "Sasa, kuhusu ile nafasi, kwa kweli tungependa sana, na huenda pengine tungeweza kufikiria..."

Nikafumba macho. Nilijua maneno hayo huishia wapi. Naye mwanangu alijua kuliko mimi.

"Bosi," akasema, mikono kiunoni, "nafasi ninayo au sina? Mama yangu yule pale, ana presha."

Meneja akanitazama. Nilikuwa nimeshika kifua, wala sikuwa naigiza.

"Unayo," akasema haraka.

Basi akahama kutoka kwenye mvuke, na kifua kikafunguka kabisa, namshukuru Mungu. Ila kifua kilipofunguka, sauti nayo ikapata nguvu mpya, na meneja amehamishia ofisi yake ghorofa ya juu.