Kasoro Aliyomwekea Mgeni

Mwalimu wetu wa programu akikaa kando ya mwanafunzi, huikalia mikono yake isije ikavamia kibodi ya mtu. "Hebu nisomee ulichoandika, mwanangu," humwambia, na mwanafunzi akisoma kwa sauti huliona kosa mwenyewe. Programu-jalizi tunayoitengeneza kwa kujitolea, ya kuwarahisishia watu kuandika msimbo, ina kasoro moja ndogo: ukihifadhi faili, kishale cha kuandikia kinaruka hadi mstari wa kwanza. Kinamchezea mwalimu kutwa nzima, naye anasonya kutwa nzima. Leo nikamwambia, "Dada, si uirekebishe tu? Kazi ya dakika mbili." Akanitazama kama niliyedokoa chakula cha mgeni. "Hiyo nimemwekea mwanafunzi mpya. Akifika, akute kitu anachokiweza." Kisha akahifadhi faili, akasonya.