Kwetu tunatoka damu

Ndugu zangu, tangu nioe nimewaficha jambo moja: kwetu tunatoka damu kuliko watu wengine.

Leo nilipelekwa hospitali hapa Mpanda kumwona mjukuu wangu Devota. Chembe zake za kugandisha damu ni chache mno. Madaktari walidhani kinga ya mwili wake ndiyo inayoziharibu, lakini vidonge vya kutuliza kinga vimemvimbisha uso tu. Kesho wangemtoa bandama, ambamo chembe hizo huharibiwa.

Daktari akauliza tena: kwenye ukoo hakuna mwingine mwenye shida hii?

"Hakuna," akajibu mkwe wangu Anastazia, mjane wa mwanangu. "Wakati wa posa tuliwauliza. Baba alisema wako salama."

Baba huyo ni mimi. Nyie mnajua posa za kwetu. Ukoo wenye ugonjwa haupewi binti.

Devota akanishika mkono. "Babu, kesho wananipasua. Utakuja?"

Hapo nikakunja mkono wa shati, nikamwonyesha daktari mabaka meusi ya damu iliyovilia. "Ninayo tangu utoto."

Akaweka kalamu chini. "Mzee, basi huenda ni ya kurithi. Bandama haina kosa. Tunasimamisha upasuaji, tuwapime wote wawili."

Nilitaka kumshukuru Mungu. Anastazia hakunipa nafasi.

"Na mume wangu, Baba? Aling'olewa jino akatoka damu mpaka akafa, mkasema amerogwa."

Sina siku nyingi. Nisemeni mtakavyo hapa chini.

Nilimjibu Anastazia kwamba mwanangu alikuwa na ugonjwa huu, na mimi ndiye niliyemkataza kumwambia mtu, hata daktari wa meno.